Barua ya wazi kwa uongozi wa Edmonton Oilers: Msisubiri Machi kutafuta mabeki

Edmonton, Alberta
Agosti 2025

Kwa Bw. Jeff Jackson, mkuu wa shughuli za hoki wa klabu, Bw. Stan Bowman, meneja mkuu. Na Kocha Kris Knoblauch.

YAH: UPANA WA SAFU YA ULINZI NA USIMAMIZI WA KIKOSI

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayobishania timu yenu kila Jumamosi usiku, sisi tuliofika mji huu kutoka Mombasa, Kigoma, Bukavu na Bujumbura. Tulikuja na mpira wa miguu, hoki ya barafuni tumeikuta hapa. Lakini anayeishi Edmonton miaka mingi hana ujanja, Aprili ikifika na bendera za rangi ya chungwa zikaanza kupepea kwenye magari, na yeye moyo unamwenda mbio.

Mimi ni mhudumu wa wazee. Nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee upande wa kaskazini mwa mji, na mchezo huu nimefundishwa na mzee mmoja ninayemhudumia. Ujanani alicheza beki kwenye timu za vijijini huko nyanda za magharibi, akavunjika pua mara mbili, na mpaka leo akiona beki ameyumba huinua mkono kana kwamba ameshika gongo. Siku ya kwanza nilipokaa naye mbele ya runinga aliniambia nisikifuate kwa macho kisahani, kile wanachokipiga badala ya mpira. Tazama miguu ya beki, akasema. Ukiona anageuka kabla hajajua mwenzake yuko wapi, goli linakuja. Tangu siku hiyo sikuangalia tena mchezo kama nilivyouangalia zamani. Connor McDavid na Leon Draisaitl, washambuliaji wetu nyota, kila mtu anawaona. Mimi nawaangalia mabeki, na ni mabeki walionifanya nishike kalamu.

Juni 24, 2024 nilifika kazini mapema kabla ya zamu ili nikae naye. Mwezi wa Juni hapa jua halitui mpaka karibu saa nne usiku, kwa hiyo tulifunga mapazia ili tuione runinga vizuri. Tulikuwa tumetoka nyuma mechi 3 kwa 0 dhidi ya Florida Panthers, tukashinda tatu mfululizo, na sasa mechi ya 7, ya mwisho, ya fainali ya Kombe la Stanley. Tukafungwa 2-1. Mzee hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama yule kijana, Broberg, ana mkataba wa mwaka unaofuata. Sikujua. Nilipochungulia kwenye simu nikakuta kwamba hana.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu wiki hii umetimia mwaka.

Philip Broberg, beki, mlimchukua nafasi ya 8 katika drafti ya 2019, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu. Msimu wa 2023-24 alicheza mechi 12 tu na timu kubwa, muda mwingine wote akawa Bakersfield, California, kwenye timu yenu tanzu ya Condors. Kisha ikafika fainali ya kanda ya Magharibi dhidi ya Dallas, mambo yakawa magumu, mkamwingiza. Katika mechi ya 5 akafunga. Akabaki kikosini mpaka usiku ule wa mwisho kule Florida. Kijana aliyekaa msimu mzima ligi ya chini akaingia kwenye moto mkali kuliko yote, wala hakuungua.

Agosti 13 St. Louis Blues wakaleta ofa, yeye na mshambuliaji Dylan Holloway. Kwa wenzangu wasioijua kanuni hii: mchezaji kijana ambaye mkataba wake umeisha haondoki hivihivi. Timu nyingine ikimpa ofa naye akatia saini, klabu yake ina siku saba za kuamua. Ama ilipe kiasi kilekile imbakize, ama imwachie na ipokee fidia ya nafasi za drafti. Ofa ya Broberg ilikuwa dola 4,580,917 kwa mwaka, miaka miwili. Ya Holloway ilikuwa dola 2,290,457. Zitazameni hizo tarakimu za mwisho. Dola moja zaidi kwa Broberg na fidia ingepanda kutoka nafasi ya raundi ya pili hadi nafasi ya raundi ya kwanza pamoja na ya tatu. Dola moja zaidi kwa Holloway na fidia ingetoka raundi ya tatu hadi ya pili. St. Louis walikaa na kikokotoo, wakasimama pale pale mstari unapoishia. Walijua kwamba ninyi mmejaa hadi juu ya ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo ligi hairuhusu klabu kuizidi, na hamna pa kupumulia.

Agosti 20 mkawaachia wote wawili.

Bw. Bowman, nakutendea haki. Ulitangazwa meneja mkuu Julai 24, na ofa zilipofika hata wiki tatu hazijatimia. Nyumba uliikuta hivyo. Lakini Bw. Jackson, Ken Holland, meneja mkuu wa awali, alipoondoka mwishoni mwa Juni wewe ndiye uliyeshika usukani, na Julai 1 fedha zilikwenda kwa Viktor Arvidsson, dola milioni 4 kwa mwaka, na Jeff Skinner, milioni 3. Ni washambuliaji wenye majina, na siku ile mji mzima ulishangilia, mimi nikiwemo. Leo hayupo hata mmoja. Arvidsson mmempeleka Boston, Skinner mkataba wake umeisha ameondoka. Holloway yeye msimu wake wa kwanza St. Louis alipata pointi 63, yaani magoli na pasi za magoli, na Broberg amekuwa beki wa kutegemewa kule, akicheza dakika ambazo hapa hakuwahi kupewa.

Sikufufua jambo hili ili kuwasuta. Nimelifufua kwa sababu ofa ile isingetuumiza kama kijana yule angekuwa ametiwa saini mwezi Juni, au hata Januari kabla yake, alipokuwa bado bei ya chini na hakuna aliyemtamani. Mlimwacha Bakersfield mpaka soko likamwona kwenye runinga, na mlipomhitaji kwa bei yenu mkakuta bei yake inapangwa na wengine. Hilo ndilo kosa ninalowaomba msilirudie, na nikiitazama mikataba ya mabeki wetu naona njia ya kulirudia iko wazi.

Kwanza niseme jambo kuhusu Darnell Nurse, maana kwetu hawezi kutajwa bila ugomvi. Mwanangu ana jezi namba 25 na anailalia. Kuna watu wazima katika jamii yetu wanaomtetea Nurse kama ndugu wa damu, na kuna wanaohesabu kila kosa lake kwa dola. Agosti 2021 mlimpa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 9.25 kwa mwaka, unaomfikisha 2030. Yeye alipewa karatasi akatia saini, kama ambavyo yeyote angefanya. Na Juni mwaka huu mmempa Evan Bouchard milioni 10.5 kwa mwaka kwa miaka minne, na huyo anastahili. Beki aliyepata pointi 32 katika mechi 25 za mtoano wa 2024 huwezi kumwacha aende.

Basi jumlisheni. Wawili hawa ni milioni 19.75. Ukomo wa mishahara msimu ujao ni milioni 95.5. Zaidi ya moja ya tano ya fedha zote imekwenda kwa mabeki wawili, na mechi moja inahitaji sita. Mimi sina shida na hilo hata kidogo. Ila anayelipa hivyo juu hana uhuru wa kununua chini. Beki wa 5, wa 6 na wa 7 ni lazima awalee mwenyewe, wawe vijana, wawe wa bei nafuu, na wawe wanajua kazi. Timu yenye mabeki sita wa bei ya kati inaweza kuwapoteza vijana wake na ikaendelea. Timu yenye Bouchard na Nurse haiwezi. Mwaka jana mlijenga ghorofa ya juu, kisha mkauza matofali ya chini.

Na si Broberg peke yake. Cody Ceci alikwenda San Jose Agosti hiyohiyo, Ty Emberson akaja. Vincent Desharnais alikwenda Vancouver. Katika mabeki tuliowatumia kwenye mtoano wa 2024, watatu waliondoka ndani ya miezi miwili, na wote watatu walikuwa wakitumika upande wa kulia.

Niukalie kidogo huu upande wa kulia, kwa sababu ndipo mzee wangu anapokasirika zaidi.

Januari iliyopita nilijinunulia tiketi, viti vya juu kabisa pale Rogers Place, karibu na paa. Ukiwa kule juu uwanja wote unakuwa kama meza, na mambo ambayo runinga inayaficha unayaona. Kulikuwa na beki wetu mmoja anayeshika gongo kwa upande wa kushoto, akicheza kulia. Wapinzani walikisukuma kisahani nyuma ya goli letu, kikazunguka kwa kasi kikiambaa ukuta, kikimfuata. Beki wa gongo la kulia angekipokea kwa uso wa gongo huku macho yanatazama uwanja, angeona nani anamjia na nani yuko wazi. Huyu wetu ilimbidi akipokee kwa mgongo wa gongo, uso ukutani, bega limegeukia wapinzani. Kisahani kikaruka juu ya gongo lake kidogo tu, upana wa vidole viwili. Akainama kukitafuta. Kabla hajainuka, mtu wa kilo mia alikuwa amemfikia. Sauti ya ukuta ule niliisikia mpaka paani. Goli halikuingia, na kwenye takwimu za usiku ule tukio hilo halionekani popote. Lakini niliangalia miguu yake baada ya hapo. Kila kisahani kilipozunguka alianza kurudi nyuma hatua moja mapema.

Florida wanaishi kwa tukio la namna hiyo. Wao hukabia juu, watu wawili wanamvamia beki kwenye kona, zamu baada ya zamu, kipindi cha kwanza mpaka cha tatu, mechi ya 1 mpaka ya mwisho. Hawatafuti goli zamu ya kwanza. Wanatafuta beki achoke, au aogope kugeuka. Katika fainali ya mwaka huu tulishinda mechi ya 1 na ya 4, zote dakika za nyongeza, na zote mbili ilibidi Draisaitl atuokoe. Mechi ya 3 walitupiga 6-1, mechi ya 6 5-1, Sam Reinhart akifunga manne, mawili yakiwa golini pasipo kipa. Watu walimlaumu kipa. Mzee akaniambia nirudie magoli kwenye simu yangu na nimwangalie beki aliyekuwa karibu na kisahani sekunde tano kabla. Nilifanya hivyo usiku kucha kati ya mizunguko ya kuwatazama wazee. Sitawaandikia nilichokiona kwa jina la mtu, kwa sababu walikuwa wamechoka na walijitoa. Ila walikuwa wamechoka.

Hapa nawapa heshima mnayostahili. Mattias Ekholm, nguzo yetu tangu mlipomtoa Nashville mwishoni mwa Februari 2023, aliumia mwishoni mwa msimu akakosa karibu mtoano wote, akarudi mechi ya 5 dhidi ya Dallas tu. Timu nyingi zingevunjika. Sisi tuliwatoa Los Angeles, tukawatoa Vegas, tukawatoa Dallas. Brett Kulak alibeba dakika ambazo mshahara wake wa milioni 2.75 hausemi. John Klingberg, mliyemsajili Januari akiwa ametoka kwenye upasuaji wa nyonga na kila mtu amemkatia tamaa, alicheza vizuri. Jake Walman, mliyemleta kutoka San Jose Machi 6, alitulia kana kwamba amezaliwa hapa. Bw. Bowman, hayo yalikuwa macho mazuri.

Lakini tazameni yaligharimu nini. Walman alitugharimu nafasi ya raundi ya kwanza ya 2026, yenye masharti. Ya 2025 ilikwishakwenda Philadelphia tangu siku ya drafti ya mwaka uliotangulia. Klingberg, Julai mwaka huu, akaenda zake San Jose. Kwa hiyo upana tuliokuwa nao Mei ulinunuliwa Januari na Machi, nusu yake imekwisha ondoka, na ile nusu iliyobaki tumeilipia kwa kijana ambaye hatutawahi kumchagua. Beki anayenunuliwa Machi ni sawa na maji yanayonunuliwa njiani wakati kisima kiko nyumbani. Utakunywa, ndiyo, lakini kila safari utalipa upya, na mwenye kibanda anaijua kiu yako.

Sasa waangalieni waliotufunga. Najua inauma, lakini waangalieni. Gustav Forsling, beki wao bora, walimpata Januari 2021 bila kutoa kitu. Carolina walimweka kwenye orodha ya kuachiwa ili wamshushe ligi ya chini, Florida wakanyoosha mkono wakamchukua. Niko Mikkola walimsajili mchezaji huru 2023 kwa bei ya kawaida. Mwanzoni mwa msimu wa 2023-24 mabeki wao wawili wakubwa, Aaron Ekblad na Brandon Montour, wote walikuwa nje wakiuguza mabega. Walikuwa wamekwisha jiandaa, wakamchukua Oliver Ekman-Larsson baada ya Vancouver kumvunjia mkataba, milioni 2.25, akaziba pengo, na Juni akanyanyua kombe dhidi yetu. Kiangazi hicho Montour akaondoka kwenda Seattle, Ekman-Larsson akaenda Toronto. Wawili kwa mpigo! Wakamchukua Nate Schmidt ambaye Winnipeg walikuwa wamemvunjia mkataba, kwa mshahara unaokaribia kima cha chini cha ligi, wakaenda naye taratibu msimu mzima, na ilipofika Machi wakamtafuta Seth Jones wa Chicago. Jones walimlipia ghali. Lakini walikwenda sokoni wakiwa na mabeki sita wanaojua kazi, wakitafuta wa kuongeza. Sisi tulikwenda tukitafuta wa kuziba.

Hili la mabeki kutukwamisha ni la zamani katika mji huu, na wanaokaa viti vya juu wanalikumbuka. Mei 2017 Andrej Sekera alipasuka goti katika mechi ya 5 kule Anaheim. Msimu ule tulikuwa tumepata pointi 103. Uliofuata, Sekera akiwa nje mpaka Desemba na hakuna aliyeandaliwa nyuma yake, tukapata 78 na mtoano tukautazama kwenye runinga. McDavid alikuwa na miaka 21. Kisha Oscar Klefbom, bega lake likakataa, mechi zake za mwisho zikawa Agosti 2020. Mwaka uliofuata Adam Larsson akaenda Seattle. Kila mara tulikuwa na mshambuliaji bora duniani, na kila mara beki mmoja au wawili walipoondoka ukuta wote uliinama.

Tufike kwenye yaliyo mezani kwenu leo. Ekholm ametimiza miaka 35 mwezi Mei, na mkataba wake unakwisha kiangazi cha 2026. Wa Walman, kiangazi cha 2026. Wa Kulak, kiangazi cha 2026. Mabeki watatu wa kushoto, wote siku moja, na mkataba wa McDavid mwenyewe unakwisha siku hiyohiyo. Ligi imekwisha tangaza kwamba ukomo wa mishahara utapanda hadi milioni 104 mwaka huo na milioni 113.5 mwaka unaofuata. Wapo wanaosema hiyo ni nafuu, fedha zitakuwepo. Fedha zitakuwepo kwa timu zote 32! St. Louis mwaka jana walikuwa peke yao wenye nafasi na ujasiri. Kiangazi kijacho watakuwa wengi, na kila mmoja atakuwa na kikokotoo.

Kwa hiyo naomba amueni mapema. Kabla theluji haijashika, kaeni na Walman na Kulak na Ekholm, mjue nani anabaki na kwa bei gani, na ambaye hamtambakiza anzeni sasa hivi kumwandaa wa kuingia nafasi yake. Sisemi muwape wote wanachotaka. Kulak akitaka zaidi ya tunavyoweza, aende kwa heshima. Lakini tujue Oktoba, tusijue Julai.

Na acheni nafasi kidogo chini ya ukomo tangu mwanzo wa msimu. Kanuni ya ligi inahesabu mishahara kwa siku. Klabu iliyoacha milioni moja bila kuitumia kuanzia Oktoba, Machi ikifika inaweza kumchukua mchezaji wa zaidi ya milioni 4 bila kumtoa mtu, kwa sababu siku zilizobaki za kumlipa ni chache. Hii si siri, mnaijua kuliko mimi. Lakini kila mwaka tunaanza Oktoba tumejaza mpaka mdomoni, halafu Machi tunaanza kupunguza wa kwetu ili tumwingize mgeni.

Kocha Knoblauch, la kwako ni dogo na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mchezeshe beki wa saba. Troy Stecher anapokaa nje wiki tatu kisha akaingizwa usiku mmoja dhidi ya timu kali, unamwonea yeye na unamwonea mwenzake wa jozi. Msimu una mechi 82. Ekholm kwa umri wake hahitaji zote. Kuna usiku ambao timu inacheza mara mbili mfululizo, ya pili ikiwa ugenini baada ya ndege ya saa saba za usiku. Mpumzishe Ekholm, ingia na wa saba. Ipo Jumanne ya Novemba dhidi ya timu iliyo mkiani. Mpumzishe mwingine, mpandishe kijana kutoka Bakersfield, mpe dakika 14, akosee, umwonyeshe kosa lake kwenye video kesho yake, na umpange tena. Tutapoteza pointi mbili tatu kwa njia hiyo. Mimi kama shabiki nazitoa leo kwa moyo mweupe.

Nasema hivyo kwa sababu kazini kwangu tunaishi kwa ratiba. Usiku mmoja una wahudumu wanne, na yupo wa tano ambaye jina lake limeandikwa chini kabisa ya karatasi, wa kuitwa mtu akiugua. Ukimwita huyo wa tano baada ya miezi miwili bila zamu, hajui mzee wa chumba cha mwisho amebadilishiwa dawa, hajui yule bibi sasa anainuliwa na watu wawili. Ni mhudumu mzuri, ana cheti kama changu. Lakini anafungua milango akiwa hajui kilichopo ndani, na wazee wanaliona hilo usoni mwake. Tulipoanza kumpa wa tano zamu mbili kila mwezi hata kama hakuna mgonjwa, usiku wa dharura ukaacha kuwa wa dharura. Beki wa saba anaingia kwenye kona akiwa na watu wawili mgongoni. Anahitaji kujua milango yake.

McDavid ana miaka 28. Amefika fainali mara mbili mfululizo. Mwaka jana alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano wote akiwa upande ulioshindwa, wala hakutoka kwenda kuipokea tuzo. Mwaka huu alitoka uwanjani akiwa na uso uleule. Mji huu ulinyanyua kombe mara tano kati ya 1984 na 1990, na mzee wangu alizishuhudia zote tano. Ana umri ambao sipendi kuhesabu ni misimu mingapi imembakia, na siwezi kumdanganya, maana ataangalia miguu ya mabeki mwenyewe.

Mazoezi yanaanza Septemba. Oktoba 8 mnafungua msimu na Calgary hapa nyumbani, na nimeshaomba zamu yangu isogezwe ili nikae naye tangu mwanzo. Kabla kisahani hakijaangushwa ataniuliza swali lake la kila mwaka, nani wa saba. Nataka nimtajie jina la kijana wetu, aliyetiwa saini, na atakayecheza Jumamosi inayofuata.

Wenu kwa dhati,

Mhudumu wa zamu ya usiku
Kaskazini mwa Edmonton